Pua Arobaini za Bi Mwanamkasi

Maharage yaliungua mbele ya pua mashuhuri kuliko zote nchini, na pua haikusema kitu.

Bi Mwanamkasi alikuwa kaketi juu ya kibao cha mbuzi anakuna nazi, jiko kalipa mgongo. Alikuna polepole kama desturi yake, kifuu kikizunguka mkononi, nazi ya leo ikijikusanya sahanini. Nyuma yake chungu kililia, kikatoa moshi mweupe, kikatoa moshi mweusi. Yeye anakuna tu. Aliyepiga kelele ni wifi yake, Mwanasiti, aliyeingia bila hodi kama kawaida ya mawifi.

"We wifi! Unapika au unafukuza mashetani?"

Bi Mwanamkasi akageuka. Ndipo alipouona moshi.

"Nilikuwa nakuna nazi," akasema.

"Kwani nazi unaikuna kwa pua?" Mwanasiti akashika chungu kwa pindo la kanga, akakitupa uani huku anacheka. "Toba! Mwanamke aliyenusa yai viza lingali tumboni mwa kuku, leo ameshindwa na maharage yake mwenyewe!"

Kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akamtazama wifi yake usoni. Wifi akatazama nazi.

"Tangu lini?" Mwanasiti akauliza.

"Tangu ile homa ya Ramadhani. Niliamka siku ya tatu mdomo mchungu, nikadhani pua imeziba. Nikajifukiza majani ya mkaratusi, nikaweka kitunguu, nikapiga chafya mpaka mbavu zikauma. Wapi. Mwezi wa tatu huu, wifi. Hata jasho langu silisikii."

"Na hukuniambia."

"Nikikwambia wewe, si nimeiambia Mkwamba nzima?"

Siku nyingine Mwanasiti angemrudishia utani huo mara mbili. Siku hiyo aliketi chini, sakafuni, akajifunika uso kwa kanga na kuanza kulia.

"Kwa hiyo hukujua," akasema ndani ya kanga. "Kumbe hukujua."

"Kujua nini?"

"Mto, wifi! Mto unanuka tangu mfungo mosi. Kule Bondeni perege wanaelea matumbo juu mabwawani, mashavu yamewaka kama yamepakwa pilipili. Watoto wakikoga wanatoka wanajikuna. Watu wanasema Mama Pua kanunuliwa. Wanasema anapita darajani kila siku, kichwa juu, anajifanya hasikii." Akaufunua uso. "Hata mimi, Mungu anisamehe, nami nilisema."

Kifuu kikamponyoka Bi Mwanamkasi mkononi.

Alikuwa amepita darajani jana. Na juzi. Aliwaona wanawake wa Bondeni wakimgeuzia mgongo, akadhani ni jua.

*

Miaka thelathini nyuma, kabla ya pua, kulikuwa na namba. Kila kiwanda cha kemikali kilikuwa na mashine ya kupima maji yake machafu, na mashine ilitoa namba, na namba ilisema maji ni safi. Samaki walikufa, namba ikasema safi. Ng'ombe walitupa mimba, namba ikasema safi. Namba zilifundishwa uongo mpaka watu wakachoka nazo, wakaandamana, wakataka kitu chenye damu.

Wakati huo Mwanamkasi alikuwa msichana wa kubeba chokaa katika kiwanda cha mbolea na rangi cha Mkwamba. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi mafundi. Angesimama nje ya ukuta, ndoo ya chokaa kichwani, aseme, "Leo maji hayajaiva." Mafundi wakipima upya, kweli, amonia bado imo. Hakuwahi kukosea. Wataalamu wakaja, wakamchuna kipande cha nyama kama punje ya mtama kutoka juu kabisa ndani ya pua, wakakipanda kwenye mtungi wa kioo. Kikaota. Kikawa pua, ya waridi, mbichi, haina uso. Wakaikata, wakaipanda tena, mpaka zikawa arobaini, moja kwa kila kiwanda chenye mfereji wa kwenda mtoni.

Pua hunusa maji kwenye mdomo wa mfereji. Yakiwa yameiva, lango hufunguka lenyewe. Ikisikia ule ukali, lango hushuka, puu, na hakuna meneja wala waziri wa kulinyanyua. Na mara moja kwa mwaka, Siku ya Kunoa, mwenye pua huja kuketi mbele ya pua ya kwanza, pale Mkwamba. Huletewa vikombe saba. Ananusa, na pua inanusa pamoja naye. Yeye akisema yameiva au hayajaiva, pua inashika neno lake, na waya unalipeleka neno kwa zile thelathini na tisa. Ndivyo zinavyonolewa zisisahau.

Siku ya Kunoa ilikuwa imebaki wiki moja.

"Lakini pua si ipo?" Bi Mwanamkasi akauliza. "Yangu imekufa, sawa. Ile ya mtungini ni nzima. Mbona lango halishuki? Wewe si ndiye mlezi wake?"

Mwanasiti akaikunja kanga, akaikunjua. Miaka kumi na moja alikuwa akiilisha ile pua maji ya chumvi, akiilowesha, akiipeleka dirisha la bustani kila saa ipumzike, kama mtu anavyotoka jikoni kupunga upepo.

"Wageni walikuja baada ya Idi," akaanza. "Wageni wakubwa, wenye suti. Na ile nyumba ya pua unaijua, inakaa chini ya mnara wa kusafishia maji, inanuka. Ningewapokeaje wageni kwenye uvundo? Ningeiweka wapi aibu ile? Nikafukiza udi. Udi mzuri, wifi, ule wa arusi ya mwanangu. Kidogo tu."

"Mbele ya pua."

"Mbele ya pua. Nilisema na yenyewe ni mwanamke, itafurahi. Siku ile feni mbili za mnara zilikuwa zimekufa. Maji mabichi kabisa. Lango halikushuka. Pua ilikuwa imelewa udi. Meneja akasimama pale, akatazama lango, akatazama chetezo changu. Kesho yake akaniletea udi kopo zima, akasema, 'Mama Mwanasiti, tuendelee kuwa na heshima kwa wageni.' Nikamwambia hakuna wageni. Akasema wapo daima."

*

Asubuhi Bi Mwanamkasi akajifunga kanga mbili, akaenda kiwandani kama mtu anayekwenda kutazama mgonjwa.

Pua hakuwa nayo, lakini macho alikuwa nayo, na alizijua njia za yale maji tangu ujana. Maji machafu hutoka kwenye mitambo yakiwa yameibeba amonia, imejificha humo kama chumvi kwenye mchuzi, huioni. Kwanza yanakutana na chokaa. Chokaa huikoroga amonia, huiamsha, huifanya itamani kuruka. Kisha maji yanapandishwa juu ya mnara, yanaangushwa kwa matone juu ya vipande elfu na elfu vya plastiki, na feni nne kutoka chini zinayapiga upepo. Upepo unaichomoa amonia na kupaa nayo. Lakini hauachiwi uende zake. Unapitishwa kwenye tangi la tindikali, na humo amonia inanaswa, inageuka chumvi nyeupe ya kurutubishia mahindi. Maji yaliyobaki yanapozwa makali ya chokaa, yanapita kwenye bwawa la wadudu wasioonekana wanaokula masalia, ndipo yafike kwa pua.

Kazi yote ni ya upepo. Upepo ukipungua, hata chokaa umwage shehena, amonia itashuka na maji.

Akasimama chini ya mnara. Feni mbili zilikuwa zinazunguka kivivu. Mbili zilikuwa zimesimama, na kwenye panga la moja buibui alikwisha kutanda, ametaga. Akapeleka kiganja kwenye mdomo wa hewa. Zamani upepo wa pale ulikuwa unakuvua ushungi. Sasa ulikuwa pumzi ya mtu anayekata roho.

Akaenda kwenye tangi la tindikali. Ujanani, vijana wawili walishinda wakikomba chumvi kwa koleo na kuijaza mikokoteni. Leo sinia la chumvi lilikuwa na kiasi cha kujaza bakuli la uji.

"Amonia haikunaswa hapa," akajisemea. "Basi imekwenda wapi?"

"Shikamoo, Mama Pua!"

Alikuwa Meneja Singano, kijana wa miaka arobaini, shati jeupe, kofia ngumu ya njano, sauti tamu.

"Marahaba, baba. Mnara wenu umeota buibui."

Singano akacheka. "Hizo feni zinakula umeme kama mchwa, mama. Tunazipumzisha. Wadudu wa bwawani wanamalizia kazi."

"Wadudu wanamalizia sahani, hawali sufuria zima. Ukiwashindilia watakufa. Au wamekwisha kufa?"

Meneja alitembea naye polepole, mikono nyuma.

"Nilisikia uliugua, mama. Homa mbaya. Wengine, nasikia, inawaondolea harufu kabisa." Akasimama. "Sisemi wewe. Lakini sheria unaijua. Mwenye kiungo akishindwa kazi, wanaokitunza wanateua mrithi. Tumeshamwandaa, ikibidi. Shebughe, mpishi wa kantini."

Bi Mwanamkasi alimjua Shebughe. Mtu mwema, mpishi hodari wa ugali. Kazaliwa nyumba za kiwanda, chini ya mnara, hajawahi kuvuta hewa isiyowasha. Mpe maji ya mnara mabichi, atayanusa na kusema ni hewa ya kwao. Hangesema uongo hata neno moja.

"Shebughe ni mtoto mzuri," akasema.

"Sana. Lakini sisi tunakutaka wewe. Jina lako linatuliza watu." Singano akainamisha kichwa kwa adabu. "Siku ya Kunoa utaletewa vikombe saba. Sema vyote vimeiva. Basi. Utabaki Mama Pua mpaka Mungu akuite, na watu mia sita watabaki kazini, akiwemo wifi yako. Kwani ni uongo, mama, ikiwa wewe mwenyewe hujui kilichomo?"

Hilo la mwisho lilimfuata mpaka nyumbani.

*

"Nitakohoa," Mwanasiti akasema.

Walikuwa uani, siku ya tatu, wanaosha vyombo vya pilau ya jirani aliyetahirisha. Bi Mwanamkasi alikuwa ametwanga manjano mabichi, na vidole vyake na kitambaa cha mkononi vilikuwa rangi ya kiini cha yai.

"Nini?"

"Siku ya Kunoa. Mimi pua ninayo. Nitasimama nyuma yako. Kikombe kibichi, nakohoa. Kilichoiva, nanyamaza. Wewe unasema hayajaiva, lango linashuka, Singano anakufa kwa hasira, tunarudi kula wali. Nani atajua?"

Bi Mwanamkasi alisugua sufuria muda mrefu. Lilikuwa jambo jepesi, na lilikuwa la heri. Bondeni wangeokoka. Naye angetembea darajani tena.

"Na mwakani?"

"Nitakohoa mwakani."

"Na ukifa?"

"Wewe utatangulia, una miaka mingi kuliko mimi."

"Wifi." Akaiweka sufuria chini. "Watu walizikataa namba kwa sababu zilisema zisichokijua. Meneja ananiambia niseme safi, na sijui. Wewe unaniambia niseme chafu, na sijui. Nikikaa pale nikavuta pumzi ya bure mbele ya watu, nikasema nimenusa, mimi na udi wako tuna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba wewe utakuwa umesema kweli!"

"Kweli ya kuazima. Na Singano anajua kwamba pua yangu imekufa; siku akitaka kuninyonga, kamba ninayo shingoni nimejifunga mwenyewe."

Mwanasiti akabetua mdomo. "Basi sema kweli yako, apewe Shebughe, tufe sote na heshima zetu."

Hapo walikwama. Bi Mwanamkasi akachukua kitambaa chake cha manjano, akakipaka sabuni ya kipande apate kukifua.

Kikawa chekundu.

Hilo si la ajabu. Kila mwanamke aliyepika mchuzi analijua: doa la manjano likigusa sabuni linaona haya, linakuwa jekundu kama damu ya mzee, ukisuuza linarudi njano. Alikuwa ameliona mara elfu. Lakini safari hii mkono wake ulisimama.

"Wifi, chokaa nayo si inafanya hivi? Ukipaka manjano ukashika chokaa ya tambuu?"

"Inafanya. Kwani leo ndiyo umezaliwa?"

"Sabuni kali. Chokaa kali." Akakikamua kitambaa, akakisuuza mpaka kikarudi njano. "Na ule ukali mwingine je?"

Tangu siku ya maharage pale uani palikuwa na dumu la maji ya mdomo wa lango, alilokuja nalo Mwanasiti amsute wifi yake, kabla hajajua kwamba pua imekufa. Wakayamimina kwenye bakuli. Bi Mwanamkasi akakitandaza kitambaa kibichi juu ya bakuli, kisiguse maji, kama kawa la kufunikia chakula. Wakangoja. Kuku walipita.

Katikati ya kitambaa, pale juu ya maji, palikuwa panaiva. Kwanza rangi ya chungwa, kisha rangi ya kutu, kisha nyekundu, duara kamili la mdomo wa bakuli.

Bi Mwanamkasi akakinyanyua, akakipeperusha kwenye upepo. Wekundu ukapauka, ukapauka zaidi, ukatoka. Njano.

"Imepanda ikashika," akasema taratibu, "na upepo umeiondoa. Kama mnarani vile vile."

Mwanasiti akamtazama, machozi na kicheko vimegombana usoni.

"Miaka thelathini," akasema. "Mitungi, nyaya, wataalamu. Na dawa iko kwenye kinu."

"Nenda dukani. Bafta nyeupe, jora zima. Na manjano yote uyaonayo."

*

Siku ya Kunoa watu walijaa kiwandani mpaka kwenye kuta. Wafanyakazi upande huu na kofia zao, wanawake wa Bondeni upande ule, nyuso zimefungwa. Bi Mwanamkasi alipopita, mmoja wao akatema mate chini. Yeye akasema, "Asalaam aleikum," akaendelea.

Nyumba ya pua ilikuwa imefunguliwa milango yote. Pua ya kwanza ilikaa mtungini juu ya meza, waridi, ikipanda na kushuka kwa mvukuto wake mdogo, fff, fff. Pembeni chetezo kilifuka udi kama arusi. Mbele, vikombe saba vimefunikwa kawa. Mkaguzi wa serikali, Bi Ngwale, mwanamke mkavu mwenye miwani, alikuwa ameketi na muhuri wake. Singano alisimama nyuma, anatabasamu. Shebughe naye alikuwepo, amevaa koti la kuazima, anatoka jasho.

"Mwenye pua aketi," Mkaguzi akasema.

Bi Mwanamkasi hakuketi.

"Kwanza zimeni udi."

"Ni heshima ya wageni, mama," Singano akasema upesi.

Mwanasiti, mlezi wa pua, miaka kumi na moja kazini, akachukua kata ya maji, akaimwaga yote juu ya chetezo. Makaa yakalia, chaa! Majivu yakaruka yakatua kwenye shati jeupe la meneja.

"Nisamehe, baba," akasema. "Mkono umeteleza." Hakuna aliyemwamini, na wanawake wawili watatu wa Bondeni wakacheka.

Bi Mwanamkasi akawageukia watu.

"Mnasema nimenunuliwa. Sikununuliwa. Pua yangu imekufa. Imekufa tangu Ramadhani, na niliwaficha kwa sababu niliona haya. Nilikuwa napita darajani sisikii kitu, na watoto wenu wanajikuna. Hiyo haya yangu imewagharimu miezi mitatu, na kwa hiyo nawaomba radhi. Leo sinusi kikombe hata kimoja."

Kelele zikazuka. Mkaguzi akagonga meza. Meneja, masikini, alishindwa kuificha furaha.

"Bi Mkaguzi, sheria iko wazi! Mwenye kiungo ameshindwa, mwenyewe amekiri. Mrithi yupo. Shebughe, njoo mbele."

Mkaguzi akavua miwani. "Sheria inasema hivyo," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Sheria ninaijua," Bi Mwanamkasi akasema. "Sikusoma sana, lakini ile nilisomewa siku waliponichuna, na nikaomba isomwe mara tatu. Kiungo kilichooteshwa nje ya mwili ni cha mwenye mwili. Kabla mrithi hajaapishwa, mwenye mwili ana neno la mwisho. Ni kweli au si kweli?"

Mkaguzi akafikiri. "Ni kweli."

"Basi neno langu ni hili. Naziita pua zangu nyumbani. Zote."

Mvukuto ukaendelea, fff, fff.

"Zote arobaini?" Mkaguzi akanyanyuka. "Bibi, ukiiondoa hiyo ya kwanza, waya hauna neno la kuzipelekea zile nyingine. Malango yote yatashuka, nchi nzima. Wako wenye viwanda wasio na kosa. Wako watu wataamka kesho hawana kazi kwa kosa la Mkwamba. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria siku nne, sikulala vizuri hata moja. Lakini nyama ni moja, mama. Nikimwachia Singano moja, nimemwachia arobaini. Uongo atakaoufundisha hapa utafika huko wanakolala wasio na kosa. Na asiye na kosa hatangoja sana." Akamwashiria wifi yake. "Lete."

Mwanasiti akafungua furushi. Bafta ya manjano ikamiminika mezani kama jua. Bi Mwanamkasi akachana kipande, akakilowesha, akafunua kikombe cha kwanza, akakitandaza juu.

"Hiki cha chemchemi," Mkaguzi akasema chini chini, baada ya kitambo. Kitambaa kilibaki njano.

Cha pili, njano. Cha tatu, cha nne, vikaona haya. Cha saba, kilichotekwa mdomoni mwa lango asubuhi ile ile, kikawa chekundu mpaka wa nyuma kabisa ukutani wakaona.

"Chokaa!" Singano akapaza sauti. "Kila mtu anajua manjano na chokaa! Maji yetu yana chokaa, ndiyo kazi yetu. Hayo ni mazingaombwe ya jikoni!"

"Chokaa hairuki, baba. Nguo haijagusa maji."

Mkaguzi hakungoja wagombane. Alimimina maji ya chemchemi kwenye kikombe kitupu, akatia chokaa kijiko kizima, akakoroga, akakifunika mwenyewe kwa kipande kipya. Njano. Akakichovya ndani: kikawa chekundu, akakipepea, kikakataa kurudi. Kisha akachukua kile cha kikombe cha saba, akatoka nacho mlangoni, akakinyanyua kwenye upepo mbele ya watu wote. Wekundu ukaondoka mbele ya macho yao.

"Kimoja kinashika, kingine kinaruka," Mkaguzi akasema, kama anajifundisha mwenyewe. Akakitazama chetezo kilichozimwa. "Na udi?"

"Kitambaa hakina adabu ya wageni," Bi Mwanamkasi akasema.

Hapo wa Bondeni wakacheka wote, kicheko kikubwa cha watu waliokuwa na hasira miezi mitatu. Yule aliyetema mate akaja mbele, akanyoosha mkono. Bi Mwanamkasi akamchania kipande. Akaja mwingine. Mwanasiti akashika mkasi.

Yeye akaenda kwenye mtungi.

Hakuwa amelifikiria hili vya kutosha. Pua ilikuwa palepale, ya waridi, ya msichana wa miaka ishirini na miwili, haijazeeka. Ilikuwa ndiyo sehemu pekee ya mwili wake iliyobaki kijana. Humo ndani, labda, kulikuwa bado na harufu ya mvua ya kwanza, na ya kichwa cha mtoto wake wa mwanzo, ambazo yeye hatazipata tena. Akaweka kiganja juu ya kioo. Kilikuwa vuguvugu.

"Umefanya kazi, mwanangu," akasema. "Wamekulevya, si kosa lako. Pumzika."

Akauchomoa mvukuto.

Fff. Kisha hakuna.

Lango la Mkwamba likashuka, puu, ardhi ikatetemeka. Ukutani taa za viwanda vingine zikaanza kuzima moja moja, Mkaguzi akizihesabu kwa midomo. Alipofika thelathini na tisa akakaa chini, akachukua karatasi, akaanza kuviandikia viwanda vyote upesi upesi, neno la kwanza "kitambaa."

Nyuma ya lango maji yalianza kujaa bwawani. Kila mtu alifahamu: yakijaa mpaka juu, mitambo lazima isimame. Singano alikuwa ametota jasho, majivu ya udi yamekuwa tope shatini.

"Mama," akasema, na sauti haikuwa tamu tena. "Mama, utafungua lini?"

"Usiniulize mimi." Bi Mwanamkasi akamchania kipande cha bafta, kirefu, akamwekea mkononi na kumfumba vidole. "Kiulize hicho."

Meneja alisimama nacho. Watu mia sita walikuwa wanamtazama, na wa Bondeni, kila mmoja na chake. Mwishowe akageuka, akapiga kelele kuelekea mnarani, na sauti ikamkatika katikati: "Washeni feni! Zote nne! Na mtoeni huyo buibui!"

Bi Mwanamkasi alikuwa amefika darajani upepo ulipoanza kuvuma mnarani. Hakukisikia ulichobeba. Alisikia mngurumo wake tu, mkubwa, kama wa ujanani, na ukingo wa kanga yake ukapeperuka.

"Wifi," akasema, "leo maharage unapika wewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa nikutukane ukiunguza."